Milton: kipofu aliyetetea hiari, na mabinti waliomsomea

Kuna watu tunaowajua kwa jina tu. John Milton ni mmoja wao. Wengi wetu tuliosoma fasihi ya Kiingereza tulimkuta kwenye orodha, chini ya Shakespeare. Nimemsoma tena sasa nikiwa mzazi, na naona swali lake ndilo linalotukosesha usingizi wazazi wengi: utiifu usio na hiari una thamani gani?

Alizaliwa London tarehe 9 Desemba 1608. Babake alikuwa mwandishi wa hati na mikataba, tena mtunzi wa muziki. Huyo baba naye alinyimwa urithi na babake mwenyewe, aliyekuwa Mkatoliki, kwa kuwa aliuacha Ukatoliki. Kwa hivyo habari ya mtoto kujichagulia njia na kulipa gharama yake Milton aliikuta nyumbani kabla ya kuikuta vitabuni.

Swali lenyewe lilikuwa limeenea katika fasihi ya Waingereza. Marlowe alikuwa ameandika tamthilia ya Faustus, msomi anayeiuza roho yake kwa shetani ili astareheke miaka 24. Shakespeare alikuwa amemleta Hamlet, mwana wa mfalme anayejadiliana na nafsi yake hata kutenda kunamshinda. Mwanadamu alionyeshwa akijiuliza yeye ni nani na uwezo wake unafika wapi.

Milton alisoma Cambridge, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 1632. Mwaka 1638 alisafiri hadi Italia, na huko akamzuru Galileo, mzee aliyefungiwa nyumbani kwa amri ya Kanisa kwa sababu ya elimu yake ya nyota. Ziara hiyo hakuisahau. Bunge la Uingereza lilipoamuru mwaka 1643 kwamba kitabu kisichapishwe bila kibali, alijibu mwaka uliofuata kwa kijitabu kiitwacho Areopagitica, nacho alikitoa bila kibali. Hoja yake ni kwamba mtu aliyefungiwa asikutane na kishawishi hatujui kama ni mwema au la. Adamu asiye na uwezo wa kuchagua, alisema, angekuwa mwanasesere tu. Hata hivyo uhuru huo aliuwekea mpaka: Wakatoliki hakuwajumuisha.

Mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Milton aliitetea hukumu hiyo kwa maandishi, na serikali mpya ikampa kazi ya katibu wa lugha za kigeni, kuandika barua za dola kwa Kilatini. Jicho moja lilikuwa karibu limekwisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, matabibu walimwonya kwamba akiendelea kuandika atalipoteza na la pili. Akaendelea. Kufikia mwaka 1652, akiwa na umri wa miaka 43, hakuona tena. Mwaka huo huo mkewe wa kwanza akafariki, akamwachia mabinti watatu wadogo.

Mwaka 1660 ufalme ukarudi. Vitabu vyake vilichomwa hadharani, naye akatiwa ndani kwa muda. Alipotoka alikuwa kipofu asiye na cheo. Hapo ndipo alipoukamilisha utenzi wake mkubwa, Paradise Lost, wa mistari zaidi ya 10,000. Aliutunga kichwani, kisha akawasomea wengine wauandike. Ulichapishwa mwaka 1667, naye akalipwa pauni 5 mkononi, na ahadi ya nyingine iwapo kitabu kitauzika.

Utenzi huo unasimulia kuasi kwa Shetani na kutolewa Adamu na Hawa peponi. Sisi Waislamu kisa tunakijua, ingawa tunakisoma tofauti. Kwetu Adamu alitubu akasamehewa, na dhambi yake hairithiwi. Lakini Milton anapofika kwenye hiari, namwelewa. Kwake Mungu anajua litakalotokea, na kujua huko hakumlazimishi mja kutenda. Wanaofuatilia darasa za kadari misikitini watautambua mjadala huo. Katika utenzi, Hawa anaomba akafanye kazi peke yake. Adamu anaogopa, lakini anamruhusu, kwa kuwa mwenzi aliyebaki kwa kulazimishwa ni kama hayupo.

Sasa tuingie nyumbani kwa mwandishi wa maneno hayo. Mpwa wake aliyekulia mikononi mwake ameeleza kwamba mabinti wawili wadogo, Mary na Deborah, walifunzwa kutamka Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na lugha nyingine ili wamsomee baba yao kipofu. Maana hawakufunzwa. Walisoma kitabu baada ya kitabu bila kuelewa walichokisoma, hata wakachoka na kunung'unika. Mkubwa, Anne, alisamehewa kwa ulemavu wa mwili na wa kusema. Kabla ya kufariki Novemba 1674, Milton alitamka kwamba mali yake iende kwa mke wake wa tatu. Mabinti aliwaachia tu mahari ya mama yao, ambayo babu yao aliyeahidi hakuwahi kuilipa. Jambo hilo lilifika mahakamani.

Wapo wanaomtetea kwamba zama zilikuwa hizo, na kwamba kipofu alihitaji macho ya kuazima. Mimi simnyimi haki ya kusaidiwa. Kumhudumia mzazi ni wajibu. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyeandika kuwa utii bila kuchagua hauna uzito aliwatumia wanawe kama sauti, akawanyima maana. Hiari aliitetea mbele ya Bunge, mbele ya mfalme, hata katika maelezo yake ya Mwenyezi Mungu. Mlangoni pake haikuingia.

Ndugu msomaji, watoto wetu nao wanatusomea mengi wasiyoyaelewa: sura walizohifadhi bila kufafanuliwa, masomo waliyochaguliwa, hata ndoa walizopangiwa. Wanaitikia, nasi tunafurahi kwamba wana adabu. Kabla ya kufurahi, tuwaulize wameelewa nini na wao wangependa nini. Kisha tunyamaze, wajibu wenyewe.