Frederick Gowland Hopkins (1861–1947)

Hopkins alizaliwa Eastbourne, Uingereza. Wengi humkumbuka kwa vitamini, zilizompa Tuzo ya Nobel mwaka 1929 pamoja na Christiaan Eijkman. Kwa mada ya ini, kazi yake ya 1921 ina uzito zaidi: akiwa Cambridge alitenga glutathioni kutoka kwenye hamira. Alidhani ina asidi amino mbili. Baadaye akajisahihisha, ni tatu (swali la kutegea hilo). Ini huitumia kunasa sumu. Mtu akizidisha parasetamoli, glutathioni huisha, sumu hushika protini za seli za ini, nazo hufa. Mwenye njaa ana akiba ndogo zaidi. Sumukuvu ya mahindi, chakula chetu hapa Kilole, pia hunaswa na glutathioni. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya.