Jamaa wa maziwa lala aliyetaka kuushinda uzee

Ukipita dukani jioni ukanunua pakiti ya maziwa lala ya kushushia ugali, mkumbuke Élie Metchnikoff. Huyu alikunywa maziwa yaliyoganda kila siku akiamini yatamchelewesha kuzeeka. Na hakuwa mganga wa mtaani, alikuwa na Tuzo ya Nobel.

Alizaliwa 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine ya leo. Ujana wake ulikuwa noma. Mkewe Ludmila alikuwa hoi kwa kifua kikuu hadi akabebwa kwa kiti siku ya harusi. Alipofariki 1873, Metchnikoff alijaribu kujitoa uhai. Miaka kadhaa baadaye, mke wa pili alipougua, akajaribu tena. Mara zote mbili akanusurika.

Halafu ikaja 1882, kule Messina, Italia. Alichukua mtoto wa kiti cha pwani, mdogo na angavu kama kioo, akamchoma na mwiba wa waridi. Kesho yake asubuhi akakuta seli zimeuzingira ule mwiba, zinajaribu kuumeza. Yaani mwili una askari wanaokula adui! Ugunduzi huo ndio uliompa Nobel 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Wakati huo alikuwa Paris, Taasisi ya Pasteur.

Sasa akageukia uzee. Alidai bakteria wa utumbo mpana hutuwekea sumu, kisha seli zile zile zinaanza kutafuna viungo vyetu vilivyochoka. Ndiyo maana ya maziwa. Ulaya ikamwiga.

Hapo alipatia nusu tu, kwa maoni yangu. Kula kupo, lakini kunakotusaidia zaidi uzeeni ni kwa seli kujila yenyewe: inavunja vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Christian de Duve aliuita mchakato huo autofajia mwaka 1963. Moyo unauhitaji sana, kwa sababu seli zake nyingi hazibadilishwi. Nyingi ulizo nazo leo ndizo utakazozeeka nazo, na kadiri umri unavyosonga usafi huo hupungua, taka zinarundikana.

Metchnikoff hakuyajua hayo. Aliamini binadamu anaweza kuvuka miaka 100. Moyo wake ulianza kumsumbua, akawa anaufuatilia kama mwanasayansi, na tarehe 15 Julai 1916 ukashindwa kabisa. Alikuwa na miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Taasisi ya Pasteur.