Rutherford na Cheche Zilizorudi Nyuma

Ernest Rutherford alizaliwa mwaka 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Babake alikuwa fundi wa magurudumu na mkulima, mamake mwalimu. Alipoomba ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza alichaguliwa mwingine. Yule mwingine akaukataa, ndipo Rutherford akafunga safari mwaka 1895 hadi Cambridge. Kutoka huko alikwenda kufundisha Kanada, na mwaka 1907 akahamia Manchester. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia, ilhali yeye ni mwanafizikia.

Wengi wakipata tuzo hiyo huwa wamemaliza kazi. Yake kubwa ilikuwa bado.

Wakati huo wataalamu wengi walidhani atomu ni kama mkate wa sinia uliotiwa zabibu: umeme chanya umetapakaa kote, elektroni zimechomekwa humo. Utajuaje, na kitu chenyewe hakionekani hata kwa hadubini? Rutherford aliamua kukirushia kitu. Alitumia chembe za alfa, zinazotoka zenyewe kwenye madini kama radiamu, zikaelekezwa kwenye kipande cha dhahabu chembamba mno. Pembeni paliwekwa kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Kila chembe ilipokigonga, ilitoa cheche ndogo ya mwanga.

Cheche hizo zilihesabiwa kwa macho. Mtu alikaa gizani karibu nusu saa ili macho yazoee, kisha akaanza kuhesabu. Rutherford mwenyewe hakuiweza kazi hiyo. Alikosa subira mapema. Aliyeiweza ni Hans Geiger, Mjerumani, pamoja na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20. Mwaka 1909 kijana huyo aliambiwa aangalie kama kuna chembe zinazorudi nyuma. Hakuna aliyetarajia kitu. Nyingi zilipenya moja kwa moja, lakini chache, moja kati ya maelfu, zilirudi zilikotoka.

Mkate haurudishi risasi. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kuwa uzito wa atomu umejikusanya kwenye kiini kidogo sana katikati. Atomu ya dhahabu ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya choroko. Vitabu humtaja yeye. Kwa maoni yangu, waliokaa gizani wanastahili kutajwa pamoja naye.

Vita vya 1914 viliwatenganisha. Geiger alipigania Ujerumani, Marsden upande wa pili. Mwanafunzi mwingine wa Rutherford, Henry Moseley, aliuawa Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27, na mwalimu wake aliumia sana. Hata hivyo aliendelea kurusha chembe zake, akagundua protoni, na mwaka 1932 mwenzake James Chadwick akaipata nyutroni.

Rutherford alifariki Oktoba 1937 kwa ugonjwa wa ngiri. Majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.