Elijah Masinde: Kapteni wa boli aliyewasumbua wakoloni

Ukiwa Webuye ukiinua macho, unauona mlima wa Chetambe. Wengi wetu hupanda kule kupiga selfi tu. Lakini Septemba 1947, maelfu ya watu walikusanyika huko kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Aliyewaongoza ni jamaa ambaye zamani alitamba uwanjani: Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa Kimilili karibu mwaka wa 1910. Kijana huyu aliupiga mpira kweli kweli, akawa kapteni wa timu ya kwao. Mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, lililoanza 1926 na kudhaminiwa na kampuni ya sabuni. Ndilo kombe lililokuja kuzaa CECAFA ya leo.

Mwaka huo huo, huko Uruguay, Kombe la Dunia lilichezwa kwa mara ya kwanza. Timu 13 zilishiriki, na wenyeji wakaibwaga Argentina 4-2 kwenye fainali. Afrika haikuwa na timu hata moja. Kwa hivyo kwa kijana wa Kimilili, kupambana na Uganda ndiko kulikuwa kilele cha soka.

Baada ya boli, Masinde aliajiriwa na mahakama ya wenyeji, kazi yake ikiwa kupeleka samansi. Alikuwa muumini wa kanisa la Friends, lakini wakakosana alipooa mke wa pili. Akarudi kwa mila za mababu, na katika miaka ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa.

Wakati huo serikali ya mkoloni ilikuwa ikiwalazimisha watu kung'oa magugu mashambani na kuwachukua vijana kwa nguvu wakafanye kazi. Masinde akakataa katakata. Mwaka wa 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Hebu fikiria: unapinga amri, unaambiwa una wazimu!

Alipotoka hakunyamaza, na miezi michache baadaye ndipo akapanda Chetambe. Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, naye akakamatwa na kupelekwa mbali na kwao, hadi Lamu. Alirudi uhuru ukiwa umekaribia.

Ungedhani Kenya huru ingempokea kama shujaa. Wapi! Aliendelea kugombana na serikali, na mwaka wa 1968 dini yake ikapigwa marufuku tena. Akawa mtu wa kuingia na kutoka jela, hadi Rais Moi alipomwachilia 1978. Alifariki 1987.

Siku nyingine ukipanda Chetambe, kabla hujatoa simu, mkumbuke kapteni huyo.