Urwa bin Zubeir: Mguu Uliokatwa na Dawa Aliyoikataa

 

Ndugu msomaji, kisa cha Urwa bin Zubeir ni miongoni mwa visa vinavyopendwa sana katika darsa zetu. Mara nyingi tunakisikia hivi: alikatwa mguu akiwa ndani ya swala, bila dawa yoyote, wala hakuhisi kitu. Mimi mwenyewe nilikisimulia hivyo nyumbani, kwa mdogo wangu wa kike. Yeye amezaliwa na ugonjwa wa selimundu, na wakati huo alikuwa akisubiri kupasuliwa ili atolewe kifuko cha nyongo kilichojaa mawe. Nilitaka kumpa moyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: akikubali dawa ya usingizi, je, subira yake itakuwa na upungufu? Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye vitabu nikayasoma maisha ya Urwa tangu mwanzo, na hayo ndiyo ninayowaletea.

Nasaba na malezi yake

Urwa alizaliwa Madina, kwa kauli mashuhuri mwaka 23 Hijria. Baba yake ni Zubeir bin Awwam, mmoja wa masahaba 10 waliobashiriwa Pepo. Mama yake ni Asmaa binti Abubakar Siddiq, na mama yake mdogo ni Bibi Aisha, mke wa Mtume. Kaka yake, Abdullah bin Zubeir, ndiye aliyetawala Makka mpaka alipouawa huko mwaka 73 Hijria. Katika Vita vya Ngamia, mwaka 36, Urwa alirudishwa kwa udogo wa umri.

Kaka yake alishika upanga, yeye akashika elimu. Alikuwa akiingia kwa mama yake mdogo, akimuuliza na kuhifadhi, na sehemu kubwa ya hadithi za Bibi Aisha imetufikia kupitia kwake. Alihesabiwa miongoni mwa mafakihi 7 wa Madina. Mwanawe Hisham na Ibn Shihab Zuhri walichukua elimu kwake. Mwaka 63, siku ya Harra, alivichoma vitabu vyake vya fiqhi, na baadaye alijuta sana kuvikosa.

Alikuwa na ada ya kusoma robo ya Qur'ani kila mchana akitazama msahafu, kisha akasimama nayo usiku katika swala. Msimu wa tende ulipofika, alibomoa sehemu ya ukuta wa shamba lake ili watu waingie, wale na wachukue. Tumjue mtu huyu kwanza, kabla ya kumtazama siku ya msumeno.

Safari ya Sham

Urwa alikuwa mzee alipofunga safari kwenda Damascus kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyeshika ukhalifa mwaka 86 Hijria. Alifuatana na mwanawe Muhammad. Walipofika Wadil Qura, kaskazini mwa Madina, kidonda kilianza mguuni mwake. Kufika Sham, kilikwisha kuwa donda ndugu na kilikuwa kinapanda.

Walid aliita matabibu. Wakasema mguu ukatwe, la sivyo donda litaenea na kumuua. Urwa akakubali. Hapa pana jambo tunalolipita haraka katika darsa: hakusema kwamba tawakkuli yake inamtosha na matabibu waende zao. Aliwasikiliza wenye ujuzi, akatoa mguu wake ili aokoe uhai wake.

Kisha wakampa kinywaji cha kumwondolea fahamu. Riwaya nyingine zinataja pombe, nyingine zinataja murqid, yaani dawa ya kumlaza mtu. Akakataa. Imepokewa kwamba hakupenda kunywa kitu kitakachomwondolea akili asimjue Mola wake, na kwamba hakutaka kupoteza kiungo bila kuonja maumivu yake na kutaraji malipo. Waliletwa wanaume wa kumshika asifurukute, akawaambia anatumai hatawahitaji.

Tabibu alikata nyama kwa kisu mpaka mfupani, kisha akakata mfupa kwa msumeno, naye Urwa akileta tahlili na takbiri. Wapokezi wametofautiana: wapo waliotaja kuwa alikuwa katika swala, na wapo waliotaja dhikri peke yake. Baadaye mafuta yalichemshwa na mguu ukachomwa ili damu isimame. Hapo Urwa alizimia. Alipozinduka, alikuwa akijifuta jasho usoni.

Nilipofika hapa nilisimama. Mtu asiyehisi kitu hazimii, wala hatoki jasho. Urwa alihisi, na subira yake ina thamani kwa sababu hiyo.

Baada ya msumeno

Mtihani haukuishia hapo. Katika safari hiyo hiyo, mwanawe Muhammad aliingia kwenye mazizi ya Khalifa, akapigwa teke na mnyama, akafa. Urwa alimshukuru Mola wake kwamba amemchukulia mtoto mmoja na kumbakishia wengine, na amemchukulia kiungo kimoja na kumbakishia vitatu. Usiku ule wa kukatwa mguu aliukosa wirdi wake wa Qur'ani, na usiku uliofuata akaurudia.

Alipokuwa njiani kurudi Madina, walipita tena Wadil Qura, pale pale maumivu yalipoanzia. Hapo alisoma maneno ya Nabii Musa katika Suratul Kahf, alipomwambia kijana wake jinsi safari ilivyowachosha. Hakulalamika zaidi ya hapo, lakini hakujifanya kuwa safari ilikuwa nyepesi. Aliishi na mguu mmoja, akaendelea kufundisha, na kwa kauli iliyo mashuhuri alifariki mwaka 94 Hijria.

Alikataa nini, na sisi tunaulizwa nini?

Urwa alikataa kinywaji cha zama zake. Hakuna aliyeweza kupima kwa uhakika kiasi cha kumlaza mtu na kumwamsha, na hapakuwa na chombo cha kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo. Pia alijichagulia mwenyewe. Riwaya hizi zinatueleza alivyoipitisha siku yake, hazimtaji akiwaamuru wagonjwa wengine wafanye kama yeye. Kitendo cha mtu aliyefikia daraja kubwa ni kitendo cha fadhila, nacho hakigeuki kuwa sharti la subira kwa kila mgonjwa.

Mafakihi waliokuja baadaye waliliangalia suala lenyewe. Imam Nawawi, ambaye wengi wetu tunamjua kwa Riyadhus Swalihin, amelitaja katika Al-Majmu' kwa mfano unaokaribiana mno na kisa hiki: mtu mwenye mkono ulioliwa na donda, akihitaji kutumia kitu cha kumwondolea fahamu ili ukatwe. Ametaja kauli mbili za wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, na akaeleza kuwa iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu. Kwa hiyo anayekubali nusukaputi leo hajatoroka mtihani wa Allah. Ametumia ruhusa ambayo wanachuoni waliijadili karne nyingi kabla ya hospitali zetu.

Tena kwa mgonjwa kama mdogo wangu, kukataa dawa kunaweza kuwa madhara. Baridi, ukosefu wa maji mwilini na upungufu wa oksijeni vinaweza kuamsha maumivu ya selimundu. Baada ya kupasuliwa tumbo, maumivu yasiyotulizwa humfanya mtu aogope kuvuta pumzi ndefu, na kwa mwenye selimundu hilo linaweza kuleta matatizo ya kifua. Na aliyetumia dawa kali za maumivu kwa muda mrefu, huenda dozi ya kawaida isimtoshe. Mambo haya mgonjwa ayaseme mapema kwa mtaalamu wa dawa za usingizi, bila kuona haya. Aulize pia kama upasuaji wake unafaa kwa ganzi ya mgongoni au unahitaji usingizi kamili. Urwa naye aliwasikiliza matabibu kabla ya kuamua.

Nilirudi kwa mdogo wangu nikamwomba radhi. Nilimsimulia upya, safari hii nikataja jasho, kuzimia na maneno ya Wadil Qura. Nikamwambia kuwa usiku aliokesha tangu utotoni akibana meno ili asituamshe, Allah anaujua wote, na hana haja ya kuongeza maumivu mengine kwa hiari ili kumthibitishia mtu kitu. Siku ya upasuaji alimweleza mtaalamu dawa zake zote, akaomba afunikwe vizuri kwa sababu ya baridi, akasema bismillahi, akalala. Alipoamka aliumwa, akaomba dawa, akapewa.

Ndugu zangu, mnaposimulia kisa hiki, kwenye mkeka kunaweza kuwa na mtu ambaye maumivu yake hayaonekani. Msimulieni Urwa mzima.

Allah amrehemu Urwa bin Zubeir, awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.