Allidina Visram: bohari zimekwisha, shule ipo

Nilipita Kataboi, ufuoni mwa Ziwa Turkana, nikakuta mafurushi ya ng'onda yamefunikwa turubai yakingoja lori. Kusini yake, Kalokol, kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto lile kuligharimu mno. Kikafungwa upesi, baadaye kikawa bohari ya samaki wakavu. Hapo nikamkumbuka mtu ambaye sisi wa Mombasa twalitaja jina lake kila siku, na wachache twamjua: Allidina Visram.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Alikuwa kijana wa miaka kama 12 alipovuka bahari hadi pwani hii. Bagamoyo alifanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeandaa misafara ya bara, na huko ndiko alikojifunza biashara: nguo, shanga na chumvi zapanda, pembe za ndovu na nta zashuka. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliiendeleza kazi ile.

Wakati huo reli ilikuwa inatoka Mombasa kuelekea ziwani. Allidina aliifuata, akifungua maduka njiani na kuwauzia chakula wafanyakazi wa reli. Kampala alifungua duka reli haijafika hata Kisumu. Ziwa Victoria akaweka mashua za mizigo. Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, akawa na duka, kisha akateremka na mto hadi Nimule. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda, akaingia katika viwanda vya kuichambua.

Mzee huyu hakujenga kwanza ndipo atafute mteja. Aliangalia watu wana nini cha kuuza, wanakosa nini, na mizigo inatua wapi. Hapo ndipo alipoweka bohari. Vijana aliowaleta kutoka kwao aliwapa maduka wayasimamie, na wengi baadaye walijitegemea.

Alifariki Kampala mwaka 1916, baada ya kuugua homa. Biashara ile kubwa haikudumu sana baada yake. Mwanawe, Abdulrasul, alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba, ikafunguliwa mwaka 1923. Yeye naye akafariki mwaka huohuo.

Misafara imekwisha, na bohari zake zimekwisha nayo. Shule ingali inajaa kila asubuhi, kwa kuwa haja ya elimu haijesha. Jengo huishi kwa haja ya watu walio karibu nalo. Wakubwa wanaopanga kuwajengea wavuvi wa Kataboi, au wetu wa Lamu na Vanga, nawaomba jambo moja: kabla ya kuweka jiwe la msingi, kaeni ufuoni na wavuvi wenyewe muwaulize ng'onda wao wanakwenda wapi na nini kinawakwamisha.