Learie Constantine, mlinzi wa shamba

Katika mwaka wangu wa pili, asistenti wa kozi ya Kiingereza alitugawia kifungu kifupi kuhusu mchezo wa kriketi, tukitie katika Kiswahili. Darasani hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona mchezo huo ukichezwa hapa Kindu. Mimi nilikwama kwenye jina la mchezaji anayesimama uwanjani kuungoja mpira. Jina hilo la Kiingereza linatokana na neno lenye maana ya uwanja, lakini pia ya shamba. Kamusi yangu ilitanguliza shamba, nami nikaandika mlinzi wa shamba. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Kifungu kile kilimtaja Learie Constantine wa Trinidad kuwa mmoja wa walinzi bora waliopata kutokea. Nikaanza kusoma habari zake, kwanza ili nijue kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani, baadaye kwa sababu maisha yenyewe yalinivuta.

Kwa wasioujua mchezo, niueleze kwa ufupi. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Mrushaji anaurusha mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, na mpigaji wa timu ya pili anavilinda kwa ubao wenye mpini. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila safari huhesabiwa mkimbio mmoja. Wenzake mrushaji wametawanyika uwanjani, tuwaite wadakaji. Mdakaji akiukamata mpira kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Akiuzuia upesi, mikimbio haipatikani. Akiurusha ukaangusha vijiti kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji naye ametoka. Mpira ni wa ngozi iliyoshonwa, mgumu sana, na anayevaa glavu ni yule mmoja tu anayesimama nyuma ya vijiti. Wengine wote hudaka kwa mikono mitupu.

Constantine alizaliwa tarehe 21 Septemba 1901, Trinidad ikiwa bado koloni la Waingereza. Mama yake, Anaise Pascall, alikuwa binti wa watu waliokuwa watumwa. Sisi ambao Nyangwe na Kasongo zimo katika mkoa wetu hatuhitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo, ingawa watu waliotolewa huku walisukumwa kuelekea bahari nyingine. Baba yake, Lebrun, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao. Alikuwa pia mchezaji hodari, akasafiri hadi Uingereza na timu ya visiwa vile mwaka 1900, na tena mwaka 1906.

Mdakaji huyu alianza kufundwa uani kwao. Familia nzima ilifanya mazoezi, mama na dada wakiwemo, pamoja na mjomba Victor Pascall, naye mchezaji wa sifa. Kupiga mpira kila mtoto anakupenda. Lebrun alikazania kudaka. Kwake mpira ulioponyoka mkononi lilikuwa kosa la kweli, wala si bahati mbaya.

Baada ya shule kijana Learie alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya wanasheria. Aliipenda sheria, lakini katika koloni lile kijana mweusi asiye na mali hakuwa na njia rahisi ya kupanda juu ya ukarani. Mwaka 1923 alichaguliwa kwenda Uingereza na timu ya West Indies. Hakung'ara sana kwa kupiga wala kwa kurusha. Alichowashangaza nacho watazamaji ni ulinzi wake. Alirudi nyumbani akiwa karani vilevile, akaamua kwamba mchezo ndio utakaomfungulia mlango ambao ofisi ilimfungia.

Mlango ulifunguka mwezi Juni 1928, katika uwanja wa Lord's, London, dhidi ya timu ya Middlesex. Timu yake ilikuwa inaelekea kushindwa. Alipiga mikimbio 86 katika muda usiotimia saa moja, kisha akawatoa wapigaji saba kwa mikimbio 57, kisha akapiga 103, na West Indies wakashinda. Siku hiyo mpira mmoja alioupiga ulimrudia mrushaji, J. W. Hearne, aliyejaribu kuuzuia kwa mkono. Hearne aliumia kidole, asicheze tena msimu ule. Ndipo nilipoelewa mikono mitupu ya wadakaji inakabiliana na kitu gani.

Basi mdakaji mkubwa anakuwaje mkubwa? Kwa nilivyoelewa, mbio ni sehemu ndogo tu. Kwanza anaanza kusogea kabla ya wengine, kwa kuwa anasoma mguu na bega la mpigaji, hangoji mpira uruke ndipo aamue. Pili, mikono yake haiupingi mpira. Huupokea ikirudi nyuma kidogo, kama mtu anayepokea yai alilorushiwa. Tatu, kuokota na kurusha kwake ni tendo moja. La nne ndilo gumu zaidi: anautarajia kila mpira. Huenda saa nzima ikapita asifikiwe hata na mmoja, lakini yule mmoja utakapokuja lazima umkute macho. Constantine aliweza kusimama karibu na mpigaji, au mbali, au kuukimbilia mpira baada ya kuurusha mwenyewe, na popote aliposimama wapigaji walisita kukimbia.

Hiyo mikimbio ambayo watu hawakuthubutu kuikimbia haiandikwi popote. Katika mechi 18 za kimataifa, kati ya 1928 na 1939, daftari linampa mikimbio 635, wapigaji 58 aliowatoa kwa kurusha, na mipira 28 aliyoidaka. Mtu anayesoma daftari peke yake atasema alikuwa mchezaji wa kadiri. Waliomwona walimweka miongoni mwa wakubwa, na wengi walimhesabu mdakaji wa kwanza wa zama zake.

Mwaka 1929 alihamia Nelson, mji mdogo wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, kuichezea klabu ya huko kwa mshahara. Watu weusi katika mji ule walikuwa wachache mno, na mwanzoni yeye na mkewe Norma walitazamwa kama kitu cha maonyesho. Alikaa misimu tisa. Nelson ilitwaa ubingwa wa ligi mara saba, na haikushuka chini ya nafasi ya pili. Nyumba yake ikawa kituo. Mwaka 1932 alimpokea Mtrinidad mwenzake, C. L. R. James, akamsaidia kuchapisha kitabu chake juu ya haki ya visiwa vyao kujitawala. James naye alimsaidia kuandika kitabu chake cha kwanza.

Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi serikalini, akiwahudumia wafanyakazi waliotoka West Indies kwenda kujenga silaha Uingereza. Mwezi Julai 1943 alikwenda London na mkewe na binti yao kwa ajili ya mechi. Alikuwa ameagiza mapema vyumba katika Imperial Hotel kwa siku nne. Walipofika waliambiwa watalala usiku mmoja tu, kwa kuwa wageni weupe kutoka Marekani wasingependa kukaa pamoja nao. Hakufanya fujo. Alihamia hoteli nyingine, kisha akafungua kesi. Uingereza haikuwa na sheria iliyokataza ubaguzi wa rangi, kwa hiyo ilibidi kesi isimame juu ya wajibu wa zamani wa mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri. Mwaka 1944 alishinda. Fidia ilikuwa gini tano, fedha kidogo kabisa.

Nilipoisoma tarakimu hiyo nililikumbuka daftari la mechi. Gini tano hazisemi ni milango mingapi haikufungwa baadaye kwa sababu mwenye hoteli alijua anaweza kushtakiwa. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi ilipitishwa Uingereza mwaka 1965, baada ya zaidi ya miaka 20.

Yule karani hakuisahau sheria. Alisoma kwa taabu, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 52 au 53. Alirudi Trinidad, akachaguliwa bungeni, akawa waziri, kisha balozi wa nchi yake London. Mwaka 1963, kampuni ya mabasi ya mji wa Bristol ilipokataa kuwaajiri watu weusi, aliwatetea hadharani. Serikali yake haikupendezwa na balozi kuingilia mambo ya wenyeji, na mwaka uliofuata aliuacha ubalozi. Baadaye aliingia katika bodi ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia ubaguzi, na vijana wengine weusi walimwona mpole kupita kiasi. Huenda walikuwa na haki yao. Mwaka 1969 akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti katika baraza la mabwana la Uingereza. Alifariki tarehe 1 Julai 1971, akazikwa kwao Trinidad.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kwetu Maniema, mpunga unapoanza kutoa punje, watoto hupelekwa shambani kufukuza ndege. Mimi nilikuwa mmoja wao. Unakaa tangu alfajiri, macho juu, na kundi linaweza kushuka dakika ile ile uliyosinzia. Siku ya mavuno watu huhesabu magunia. Punje ambazo ndege hawakuzila hazihesabiwi na mtu, wala mtoto aliyekesha kuzilinda hatajwi.

Asistenti alilipigia neno langu mstari mwekundu, na alama nilikosa. Siidai. Ila nikipewa kifungu kile tena, nitaandika vilevile.